Vijia vyetu visizikwe matimboni

Miongoni mwa mali ambazo mkulima wa Kenya humiliki bila kujua kwamba anazimiliki ni kijia kinachopita kando ya shamba lake. Hakukinunua, hakilipii kodi, wala hana stakabadhi yoyote inayokitaja. Alikikuta kikiwapo. Alikipita akiwa mgongoni mwa mamaye, akakipita kwenda shuleni, na anatumaini kwamba siku yake itakapotimia jirani watakipita hicho hicho wakija kumzika. Mali ya namna hii haipigiwi hesabu hadi siku inapotoweka. Na katika sehemu nyingi za nchi yetu ambako mawe ya ujenzi yanachimbwa, inatoweka tukiitazama.

Nimekusudia leo kulizungumza jambo hili na walimu pamoja na wanafunzi, kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna watu watumiao vijia vya mashambani kwa wingi na kwa ukawaida kuwashinda, alfajiri kwenda na magharibi kurudi. Pili, wao wana uwezo wa kuviokoa kwa gharama ya kalamu na daftari tu. Sababu hii ya pili nitaifafanua baadaye.

Kabla sijasonga mbele, naomba nieleweke vyema. Sina ugomvi na uchimbaji wa mawe. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka wa 2003, madarasa mengi yamejengwa kote nchini, na mengi kati yao yamejengwa kwa mawe. Zahanati, masoko, nyumba za walimu na kuta za makanisa na misikiti vyote vimetoka timboni. Isitoshe, maelfu ya vijana hupata riziki yao kwa kuchonga mawe, kuyapakia malorini na kuponda kokoto. Atakayesema matimbo yote yafungwe hajui asemalo. Ninalolilalamikia mimi ni kwamba jiwe lililochimbwa ili mtoto ajengewe darasa halina haki ya kumfungia mtoto huyo njia ya kulifikia darasa hilo.

Ili tulielewe vyema tatizo lenyewe, na tuitazame ardhi. Anayeiangalia ramani ya Kiambu na Murang'a ataona kwamba mito mingi hushuka kutoka safu ya milima ya Nyandarua, na kila mto umejichimbia bonde lake. Baina ya bonde moja na jingine pana mgongo mrefu wa ardhi. Barabara za magari, kwa sehemu kubwa, hufuata migongo hiyo, kwa maana ni taabu na ni ghali kuikata mito kila mara kwa madaraja. Vijia vya miguu ndivyo vinavyokwenda kinyume. Hushuka mtelemko, huvuka mto penye ulalo au penye mawe ya kukanyagia, kisha hupanda mgongo wa pili. Kwa kijia, mtoto wa mgongo huu yuko mwendo mfupi tu kutoka shule iliyo mgongo ule. Kwa barabara, atalazimika kuufuata mgongo hadi daraja lilipo, avuke, kisha arudi upande wa pili. Anayesafiri kwa gari halioni jambo hili. Anayetembea huliona kila siku.

Sasa basi, mawe ya kujengea hupatikana wapi? Aghalabu hupatikana katika mitelemko ya mabonde hayo hayo, kwa kuwa mto umekwisha kumfanyia mchimbaji nusu ya kazi: umeuondoa udongo na kuuacha mwamba karibu na jua. Bonde la mto Ndarugo, katika kaunti ya Kiambu, limepata sifa kwa mawe yake hata fundi mwashi wa Nairobi akitaja mawe ya Ndarugo hahitaji kuongeza neno. Ni mawe yaliyotokana na volkeno za zama za kale, magumu kiasi cha kubeba ukuta lakini yanayokubali kukatwa kwa msumeno wa mashine. Hivyo, mahali panapomfaa mchimbaji na mahali panapomfaa mtembeaji mara nyingi ni pamoja. Wanapokutana hapo, mmoja ana tingatinga na mwingine ana miguu. Kila mtu anajua nani atapishwa.

Wala mambo hayaishii mlimani. Huko Pwani, katika kaunti za Kilifi na Kwale, mawe ya matumbawe hukatwa kutoka ardhini yakawa matofali ya kujengea nyumba. Tabaka, katika kaunti ya Kisii, wenyeji huchimba mawe laini ya kuchongea vinyago na vyombo vinavyouzwa hata ng'ambo. Aina za mawe ni mbalimbali, lakini popote pale shimo likipanuka bila mpango, kitu cha kwanza kumezwa ni kijia, kwa sababu hakina mwenyewe wa kupiga kelele.

Kijia hakifi kwa siku moja, na hii ndiyo hila ya msiba wenyewe. Kwanza lori huanza kukitumia, likakipanua, nasi tukafurahi kwamba tumeletewa barabara. Mvua ikinyesha, barabara hiyo huwa tope la magotini na mitaro ya magurudumu, kiasi kwamba mpita kwa miguu hulazimika kuchepuka shambani mwa watu. Baadaye udongo wa juu unaofunika mwamba huondolewa na kurundikwa pembeni, na pembeni hapo ndipo kijia kilipo. Kisha ukingo wa shimo husogea, hatua moja mwezi huu, hatua mbili mwezi ujao, hadi watu wanatembea juu ya kigongo chembamba huku upande mmoja ukiwa genge. Ndipo hukokotwa seng'enge, kwa madai kwamba ni kwa usalama wa wananchi. Mwisho, mawe yakiisha, mchimbaji huenda zake na kuliacha shimo. Mvua za masika hulijaza maji, na watoto hulikuta likiwa bwawa. Mara ngapi tumesoma katika magazeti yetu habari za watoto waliozama katika matimbo yaliyohamwa? Kila tukisoma tunasikitika, kisha tunafungua ukurasa wa michezo.

Yupo atakayeniuliza: je, shamba si la mwenyewe? Mwenye hatimiliki akiamua kumkodisha mchimbaji ardhi yake, wewe mpita njia una lipi la kusema? Swali hili ni la haki na linastahili jibu la haki. Mwenye shamba mara nyingi naye ni mtu wa kipato kidogo anayetafuta karo, na mawe yaliyo chini ya shamba lake yanamletea fedha ambazo mahindi hayakumletea. Hatumwonei kijicho. Lakini kuuza jiwe lililo lako ni jambo moja, na kuuza njia ambayo umma uliipita kabla hujazaliwa ni jambo jingine. Njia hiyo haikuwa yake aiuze.

Haya si maoni yangu tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu chake cha 28, inaeleza kwamba haki za kupita zilizokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa kwa mara ya kwanza chini ya sheria hiyo zinaendelea kuifunga ardhi hiyo hata kama hazikuandikwa katika daftari la msajili. Sheria ya zamani kuliko hiyo, ile ya muda wa kufungua mashtaka iliyo katika Sura ya 22, inatambua kwamba mtu anaweza kupata haki ya kupita katika ardhi ya mwingine iwapo ameitumia njia hiyo kwa amani, waziwazi, kama haki yake na bila kukatizwa, kwa muda wa miaka 20. Nayo Sheria ya Ardhi ya 2012 inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi uwezo wa kuanzisha njia za umma, na kaunti, chama au hata kikundi cha watu kinaweza kuwasilisha ombi.

Kuhusu matimbo yenyewe, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 imeyaweka machimbo ya mawe miongoni mwa shughuli zinazopasa kukaguliwa athari zake kwa mazingira kabla ya kuanza, chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ile tuijuayo kama NEMA. Fauka ya hayo, Katiba ya 2010 inampa kila mtu, katika Kifungu cha 42, haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu anayeona haki hiyo inavunjwa kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Maana yake ni kwamba hatuhitaji kungoja mtoto aanguke gengeni ndipo tupate sababu ya kushtaki.

Ikiwa sheria ni nzuri kiasi hicho, mbona vijia vinaendelea kupotea? Jibu wamelitoa wahenga zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria inasema kijia kinalindwa hata kama hakikuandikwa. Hakimu naye atauliza: kilipita wapi? Tangu lini? Nani walikitumia? Na mbele ya maswali hayo wanakijiji hubaki wakitazamana. Mzee aliyejua kwamba kijia hicho kilitumika kabla ya Uhuru alikwisha kuzikwa. Mikuyu iliyokuwa alama imekatwa. Shimo lenyewe limeula ushahidi, kwa kuwa huwezi kuonyesha nyayo zilizopita juu ya ardhi isiyokuwapo tena. Mchimbaji anakuja na ramani, leseni na mkataba uliopigwa mhuri. Wananchi wanakuja na kumbukumbu.

Upungufu huu una historia. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoanza kutekelezwa, vipande vya mashamba vilivyotawanyika viliunganishwa na kila mwenye shamba akapewa eneo moja lenye mipaka. Wapima ardhi walichora barabara za kuingilia mashamba, na kwa hilo tuwashukuru. Lakini vijia vidogo vya kwenda mtoni, kwa jirani au shuleni aghalabu viliachwa katika miguu na akili za watu. Kwa muda mrefu hilo halikuleta madhara makubwa, kwa kuwa jirani alimjua jirani na njia iliheshimiwa kwa adabu. Tingatinga halijui adabu hiyo. Dereva wake hakuzaliwa hapo, na ramani aliyopewa haina kijia.

Yafaa tujifunze kutoka kwa waliolikabili jambo hili kabla yetu. Nchini Uingereza, ambako sehemu kubwa ya sheria zetu za ardhi ilitoka, wananchi waligombania haki ya kutembea mashambani kwa miaka mingi. Mwaka wa 1932 mamia ya watu walipanda mlima Kinder Scout bila idhini ya wenye ardhi, na watano kati yao wakatiwa gerezani. Mwaka wa 1949 bunge la huko lilipitisha sheria iliyozitaka halmashauri za kaunti za Uingereza na Wales kuchora ramani rasmi ya vijia vya umma. Kijia kikishaingia katika ramani hiyo, ramani yenyewe ni ushahidi wa kutosha kwamba kipo. Tena sheria yao ya mipango ya 1990 inaruhusu njia ifungwe kwa muda ili madini au mawe yachimbwe, kwa sharti kwamba itarejeshwa uchimbaji ukimalizika. Sisemi kila kitu cha Mwingereza kinatufaa. Nasema kwamba kwao jiwe huchimbwa na kijia huendelea kuishi, kwa sababu kila kimoja kina karatasi yake.

Na wala tusidhani kwamba kulirejesha timbo lililochimbwa ni ndoto ya nchi tajiri. Hapa kwetu Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, ambako uchimbaji wa mawe ya saruji ulianza katika miaka ya 1950, mtaalamu René Haller alianza mwaka wa 1971 kupanda miti katika mashimo yaliyokuwa matupu kama jangwa. Alianza na mivinje, mti unaovumilia ardhi isiyo na rutuba. Majani yake yalianguka, yakaliwa na majongoo, yakageuka udongo, na udongo ukaotesha miti mingine. Leo mahali hapo pana msitu, wanyama na njia za kutembelea, na wanafunzi wengi wamezurushwa humo na walimu wao. Ikiwa shimo kubwa kama hilo liliweza kurudishiwa uhai, timbo la ekari mbili tatu haliwezi kushindikana kurudishiwa kijia chake.

Napendekeza basi mambo matatu.

Kwanza, ombi lolote la kufungua timbo liambatane na ramani inayoonyesha kila kijia kinachopita katika ardhi hiyo na kandokando yake. Palipo na ulazima wa kukihamisha, kijia kipya kifunguliwe na kukanyagika kabla cha zamani hakijafungwa. Pawepo nafasi ya kutosha baina ya kijia na ukingo wa shimo, ua imara, na saa za kulipua baruti zisizogongana na saa za watoto kwenda na kutoka shuleni. Uchimbaji ukiisha, shimo lijazwe au lilazwe mtelemko wake, na njia irudishwe. Mchimbaji mwaminifu hatalipinga jambo hili, maana gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya mawe anayoyatoa.

Pili, serikali za kaunti ziamke. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kazi ya upimaji na uchoraji wa ramani za ardhi pamoja na masuala ya mipaka na uzio. Kaunti zinazotoza ada kwa kila lori la mawe linalotoka timboni haziwezi kudai kwamba hazina fedha za kuandika vijia ambavyo malori hayo yanavikanyaga.

Tatu, na hapa nawageukia walimu na wanafunzi kama nilivyoahidi, tusikae kungoja wakubwa. Shule ya msingi ni ofisi ya ramani iliyokamilika, isipokuwa haijaambiwa hivyo. Ina watoto wanaotoka kila upande wa kijiji, na kila mmoja anakijua kijia chake hata gizani. Mwalimu wa jiografia awatake wanafunzi wachore vijia wanavyopitia, kila kijia kikiwa na mwanzo wake, mwisho wake, mto unaovukwa na mti au jiwe la alama. Mwalimu wa hesabu awafundishe kupima urefu kwa hatua na kuulinganisha na urefu wa njia ya barabara. Mwalimu wa Kiswahili awatume kwa babu na nyanya zao kuuliza: kijia hiki ulikikuta? Kiliitwaje? Nani walikipita, wakienda wapi? Majibu yaandikwe kwa ukamilifu, pamoja na jina la mzee aliyesema, kwa ridhaa yake, na tarehe. Mwenye simu apige picha. Jambo moja tu nasisitiza: wanafunzi wasipelekwe karibu na ukingo wa timbo kwa ajili ya zoezi hili. Hapo patoshe maelezo ya mbali.

Kazi hiyo ikikamilika, nakala moja ibaki shuleni, moja kwa chifu, moja kwa msimamizi wa wadi na moja katika ofisi ya ardhi ya kaunti, kila moja ikipokewa kwa sahihi na tarehe. Halitakuwa hati ya mahakama, lakini litakuwa daftari. Siku mchimbaji atakapoitisha mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi, kijiji kitakwenda na kitu mkononi. Mtaala wetu wa umilisi unahimiza mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kuitumikia jamii yake. Sijui huduma iliyo bora kuliko kumhakikishia mdogo wako kwamba mwakani atakuwa na njia ya kufika shuleni.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Muhula mmoja watosha kuandika vijia vyote vya kijiji kimoja, nayo tingatinga huhitaji asubuhi moja tu kukifuta kimojawapo. Wazee wanaokumbuka wangali nasi, ingawa si kwa muda mrefu. Mwalimu usomaye haya, usiache wiki hii ipite kabla hujawauliza wanafunzi wako swali moja jepesi: ulipita wapi kuja hapa?